Ganzi isiposhika: mwongozo kamili wa neva za taya la chini

"Munganga, mdomo imekufa, lakini jino ingali inaniuma."

Aliyeniita munganga, yaani daktari, ni mama mmoja muuza sambaza (samaki wadogo) wa soko la Kadutu, hapa Bukavu. Gego lake la kwanza la chini upande wa kushoto, lile tunaloliandika 36, lilikuwa limeoza hadi kwenye kiini. Kabla ya kufika kwangu alikuwa amepita mahali pengine, akachomwa sindano tatu, zote sehemu ileile, kisha akaambiwa kwamba kinachomsumbua ni woga. Hakuwa mwoga. Mtu aliyeumizwa mara tatu, akaketi tena kitini na kufungua kinywa mara ya nne, huyo ni jasiri. Jino lake lilikuwa likipeleka maumivu kwa njia mbili, na sindano zote tatu zilikuwa zimeziba njia moja.

Nawaandikia wenzangu wanaotibu meno katika vituo na hospitali za Kivu, waliokwisha kufundishwa kuchoma ganzi ya taya la chini chini ya uangalizi. Sindano hii haijifunzwi kwa kusoma tu. Lakini mgonjwa naye akisoma atajua la kumweleza munganga wake, na hilo peke yake huokoa sindano nyingi.

Ramani, na mahali inapopotoka

Hisia za taya la chini hubebwa na tawi la tatu la neva (mshipa wa fahamu) ya tano ya fuvu. Tawi hilo hutoka ndani ya fuvu kwa tundu lenye umbo la yai, hushuka upande wa ndani wa taya, kisha hugawanyika. Yanayotuhusu ni manne. Neva ya meno ya chini huingia katika mfupa kwenye tundu la taya, hupita ndani ya mfereji chini ya mizizi, na sehemu yake hutokea nje kwenye tundu la kidevu kwenda mdomoni. Neva ya ulimi hutangulia mbele kidogo, karibu na utando. Neva ya shavu hulisha ufizi wa nje wa magego. Ya nne ni neva ndogo ya sakafu ya kinywa, ambayo wengi wetu tulifundishwa kwamba kazi yake ni misuli tu.

Hiyo ya nne ndiyo iliyomtesa mama wa Kadutu. Huachana na neva ya meno ya chini kabla haijaingia tunduni, kwa wastani kiasi cha sentimita moja na nusu juu yake. Ukimwaga dawa vizuri kabisa penye tundu, huenda usiifikie. Kwa baadhi ya watu, nyuzi zake huingia katika mfupa kupitia vitundu vidogo vya upande wa ulimi na kulisha mizizi, hasa ya gego la kwanza. Mdomo unakufa, ulimi unakufa, jino linabaki hai.

Njia ya pili ya kupotoka ni mfereji uliogawanyika. Badala ya mfereji mmoja kuna miwili, mara nyingine kila mmoja ukiwa na tundu lake la kuingilia. Katika radio ya panorama, yaani picha ya eksirei ya taya zima, huonekana kwa chini ya mtu 1 katika 100, na kwa sababu hiyo tuliuona kuwa kitu cha nadra. Skana zinazoonyesha mfupa kwa pande tatu zimeukuta mara nyingi zaidi ya hapo. Ulikuwapo; picha zetu za bapa hazikuuona. Mara nyingi tawi hilo la ziada hupanda kuelekea nyuma ya gego la mwisho na kutokea kwenye kitundu cha hapo, na kulifanya gego la akili kuwa gumu kufa ganzi.

Ya tatu huhusu meno ya mbele. Nyuzi za kulia huvuka mstari wa kati na kulisha kato za kushoto, na za kushoto vivyo hivyo. Ukiwa na jino 31 au 41, zile kato mbili za katikati chini, ganzi ya upande mmoja, hata iwe safi namna gani, inaweza kukuacha njiani.

Kuna pia nyuzi za shingo, zitokazo kwenye uti kati ya pingili za juu, ambazo kwa baadhi ya watu hupanda hadi ukingo wa chini wa taya. Na tundu la kidevu lenyewe halikai mahali pamoja kwa kila mtu: kwa wengine liko kati ya magego madogo mawili, kwa wengi wa Afrika liko chini ya gego dogo la pili, na wapo wenye tundu la ziada kando yake.

Mwisho, tundu la taya hupanda na kushuka. Kwa mtoto mdogo liko chini ya usawa wa meno. Anavyokua linainuka, na kwa mtu mzima mara nyingi liko juu ya usawa huo. Mwenye ubao mpana wa taya, ule mfupa unaopanda kuelekea sikioni, analo mbali zaidi nyuma kuliko mwenye ubao mwembamba. Kwa hiyo ukichoma watu wote kwa kimo kimoja na kina kimoja, wapo utakaowakosa, na hawatakuwa wachache.

Kabla hujagusa bomba

Uliza swali moja ambalo kwenye fishi (karatasi za wagonjwa) nyingi halimo: "Umekwisha kuchomwa ganzi ya meno ya chini? Ilishika?" Mtu aliyewahi kukosa ganzi upande fulani amekupa habari ambayo hata radio inaweza kuikosa. Mwamini.

Kisha uliza moyo, presha, kisukari, ujauzito, dawa anazokunywa, dawa za kuyeyusha damu hasa. Sindano hii huenda ndani sana, mahali ambapo damu ikivuja huwezi kubana kwa kidole.

Kama kuna radio, iangalie kabla ya kuchoma, usingoje kushindwa. Fuata mistari miwili myeupe ya mfereji kutoka juu hadi kidevuni. Je, kuna mstari wa tatu? Je, kuna kivuli kinachopanda kuelekea nyuma ya gego la mwisho? Umeme ukiwa umekatika na mashine haifanyi kazi, tumia kidole gumba: kipitishe kwenye ukingo wa mbele wa ubao wa taya mpaka utue kwenye bonde lake, na vidole vingine vishike ukingo wa nyuma kwa nje. Umbali kati ya gumba na vidole ndio upana wa ubao wa mgonjwa huyu. Tundu liko karibu na katikati, mara nyingi nyuma yake kidogo. Sekunde tano tu, na haigharimu chochote.

Pima kilo. Kwa watoto usikadirie kwa umri: huku kwetu mtoto wa miaka saba anaweza kuwa na kilo za mtoto wa miaka minne, na dawa haijui umri. Lidokaini, dawa ya ganzi, ya asilimia 2 ina miligramu 36 katika karpule (kichupa cha dawa) ya mililita 1.8. Mimi nashika kikomo cha tahadhari cha miligramu 4.4 kwa kila kilo, bila kuzidi 300 kwa mtu mzima. Hesabu ya mtoto wa kilo 15 ni miligramu 66: anafikia kikomo kabla karpule ya pili haijaisha. Mwenye ugonjwa wa moyo, adrenalini iliyochanganywa na ganzi isizidi miligramu 0.04, yaani karpule mbili za kipimo cha 1 kwa 100,000. Artikaini, dawa nyingine ya ganzi, ya asilimia 4 ina dawa maradufu katika ujazo uleule, na haipendekezwi kwa walio chini ya miaka 4.

Hesabu hii ni ya lazima kwa mwongozo kama huu, maana kila njia ya pili na ya tatu nitakayoeleza inakula katika kikomo hichohicho. Anayemaliza karpule nne akirudia sindano ileile hana tena dawa ya kutumia pale penye shida.

Sindano yenyewe

Tumia sindano ndefu ya namba 25 au 27. Fupi haifiki, na nyembamba sana hupinda ndani ya nyama na inaweza kukatika. Usiizamishe hadi kwenye shina lake kwa sababu yoyote. Sindano moja kwa mtu mmoja, karpule moja kwa mtu mmoja, hata ikibaki nusu.

Mlaze mgonjwa, mwambie afungue kinywa kadiri awezavyo. Utaona kamba ya utando ikitanda kutoka nyuma ya magego ya juu kwenda nyuma ya magego ya chini. Weka gumba kwenye bonde la ukingo wa mbele. Kati ya gumba na kamba hiyo kuna eneo laini lenye umbo la pembe. Choma hapo, karibu zaidi na kamba kuliko gumba, kiasi cha milimita 6 hadi 10 juu ya usawa wa meno ya chini. Bomba lilale juu ya magego madogo ya upande wa pili.

Sogeza polepole mpaka uguse mfupa. Kwa mtu mzima wa kawaida utaugusa kwenye milimita 20 hadi 25. Mfupa ndio utakaokueleza ulipo. Ukiugusa mapema, nusu ya sindano bado iko nje, ncha yako iko mbele mno: rudisha kidogo bila kutoka, peleka bomba kuelekea chonge la upande wa pili, endelea. Usipougusa kabisa, uko nyuma mno: rudisha mpaka ibaki robo ndani, peleka bomba kuelekea magego ya upande wa pili, jaribu tena. Bila mfupa usimwage dawa. Nyuma ya ubao kuna tezi ya mate, na ndani yake hupita neva ya uso. Dawa ikiingia humo mgonjwa atashindwa kufumba jicho kwa saa kadhaa. Ikitokea, mtulize, lifunike jicho lisikauke, mwambie litarudi, na umngoje.

Ukigusa mfupa, rudi nyuma milimita moja, vuta bomba uone kama damu inaingia. Usiruke hatua hii: kwa sindano hii damu huonekana katika visa 10 hadi 15 kwa kila 100. Ikionekana, ondoa ncha hapo, vuta tena. Kisha mwaga karibu mililita 1.5 kwa muda usiopungua dakika moja. Hesabu kimoyomoyo hadi sitini. Ukitoka, bakiza kidogo njiani kwa neva ya ulimi. Ya shavu inahitaji tone lake la peke yake, nje ya gego la mwisho.

Mgonjwa akiruka na kusema amehisi umeme ulimini au mdomoni, umegusa neva. Simama, rudisha, badilisha mwelekeo, usimwage pale.

Subiri, kisha pima

Dakika tano ni chache mno kwa wengi. Mimi nawapa kumi kabla ya kusema imeshindwa. Halafu usiulize tu "mdomo umekufa?" Mdomo kufa ganzi kunaonyesha kwamba nyuzi zinazotokea kwenye tundu la kidevu zimelala. Hakusemi lolote la uhakika kuhusu kiini cha jino. Weka pamba yenye baridi kali juu ya jino lenyewe na ulinganishe na jino la upande wa pili. Gusa ufizi wa nje, gusa ufizi wa ndani upande wa ulimi. Kila mahali kuna neva yake, na kila jibu linakuonyesha pa kwenda.

Ikishindwa, soma dalili kabla ya kujaza bomba tena

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, na nimekosea pia. Mkono unataka kurudia kile unachokijua. Lakini sindano hii ya kawaida hushindwa kwa watu 15 hadi 20 katika kila 100, na si wote walioshindwa wanahitaji kitu kimoja.

Kama mdomo haujafa, hukufika. Ikiwa ulimi umekufa lakini mdomo hapana, dawa imeishia njiani, chini au mbele mno. Rudia, lakini juu zaidi kwa milimita kama 5, na usikubali kumwaga bila mfupa. Huyu pekee ndiye anayestahili sindano ya pili ya aina ileile.

Kama mdomo umekufa vizuri na jino bado linasikia, acha kurudia. Umekwisha kuilaza neva kuu. Anza upande wa ulimi: choma juujuu kwenye ufizi wa ndani, usawa wa ncha ya mzizi wa jino lililo nyuma ya lile unalolitibu. Kwa gego la kwanza, choma penye mzizi wa gego la pili. Mililita 0.6 inatosha. Ngoja dakika tano. Mama wa Kadutu nilimpa hiyo tu, baada ya kungoja kwanza dawa alizopewa huko nyuma zipungue mwilini.

Bado? Mwaga artikaini polepole upande wa nje, sambamba na mizizi ya gego la kwanza. Mfupa wa taya la chini ni mgumu, na zamani tuliambiwa dawa haiupenyi kwa mtu mzima. Artikaini hupenya kuliko lidokaini, na kama nyongeza baada ya sindano kuu inafanya kazi nzuri sana. Kwa gego la akili, ongeza tone kwenye ufizi nyuma ya jino la mwisho, kwa ajili ya lile tawi linalotokea hapo. Kwa kato, choma mbele ya jino pande zote mbili za mstari wa kati. Na kama radio imekuonyesha mfereji wa pili wenye tundu la chini zaidi, mwaga sehemu ya dawa chini ya alama yako ya kawaida.

Lakini kuna kisa kingine kinachofanana na hiki ingawa neva ziko mahali pake: kiini kilichowaka. Panapovimba pana asidi, na asidi huizuia dawa kuingia ndani ya neva. Nyuzi zenyewe nazo huwa zimechachamaa. Mgonjwa anayetoka kisiwa cha Idjwi kwa mtumbwi baada ya siku nne bila usingizi ana kiini cha namna hiyo. Kwake ongeza sindano ndogo kwenye utepe unaoshika mzizi, mililita 0.2 kwa kila mzizi, kwa shinikizo la polepole. Ndani ya kiini chenyewe ni mahali pa mwisho kabisa, na umwambie kabla kwamba ataumia sekunde chache. Usichome kupitia usaha.

Njia mbili za juu

Kama neva zinapotoka chini, panda kabla hazijagawanyika. Mwaustralia Gow-Gates alichapisha njia yake mwaka 1973: kinywa wazi kabisa, macho yako kwenye mstari kutoka pembe ya mdomo hadi chini ya kijishavu cha sikio (kile kijinyama kilicho mbele ya tundu la sikio), unaingia juu, nyuma ya gego la pili la juu, mpaka uguse shingo ya kichwa cha taya kwenye kina cha milimita 25 hivi. Neva ya meno, ya ulimi, ya sakafu na mara nyingi ya shavu hulala pamoja. Damu huonekana mara chache kuliko kwenye sindano ya kawaida. Mgonjwa abaki na kinywa wazi dakika moja au mbili baadaye, na ungoje dakika kumi. Bila mfupa, hapa pia, usimwage.

Ya pili imetoka karibu na kwetu. Akinosi, daktari wa upasuaji wa kinywa kutoka Nigeria, aliieleza mwaka 1977. Vazirani alikuwa ametangulia kuandika jambo linalofanana nalo mwaka 1960. Mgonjwa amefunga meno. Sindano inapita kati ya magego ya juu na ubao wa taya, sambamba na meno ya juu, usawa wa mahali ufizi unapokutana na utando laini, kiasi cha milimita 25. Haigusi mfupa, kwa hiyo vuta bomba mara mbili. Ni mkombozi kwa wenye usaha wa gego la akili ambao taya limekaza hata kijiko hakipiti. Jifunze zote mbili kwa mtu anayezijua, kwenye kiti, si kwenye karatasi.

Watoto na wazee

Mtoto: shusha sindano hadi usawa wa meno au chini yake kidogo, na usiende ndani sana, mfupa utaugusa mapema. Kwa magego ya utotoni mara nyingi hata huhitaji sindano hii, kwa sababu mfupa bado ni mwororo na dawa ya upande wa nje huupenya. Mwambie mama kwa maneno yanayoeleweka: asimpe mtoto chakula mpaka mdomo uamke, amwangalie asijitafune. Nimeona midomo ya watoto iliyovimba kuliko jino lililong'olewa.

Mzee asiye na meno hana tena usawa wa kupimia, kwa hiyo tegemea bonde la ukingo wa mbele na kamba ya utando. Mfupa wake unavyoisha kwa juu, tundu la kidevu husogea karibu na ukingo wa ufizi. Kwa wengine neva inakaa chini ya meno bandia, na maumivu unayodhani ni ya kidonda ni ya neva inayokandamizwa.

Fishi

Hatua ya mwisho hufanywa mgonjwa akiwa bado kitini, mdomo umekufa, mwenyewe amepumzika. Andika jino, dawa, karpule ngapi, ulichoma wapi, nini kilishindwa na nini kilishika. Mpe nakala aende nayo, maana watu wetu wanahama, leo Bukavu, kesho Uvira au Goma, na munganga atakayefuata hana namna ya kukuuliza.

Mama wa Kadutu alirudi baadaye kwa gego la 37, lile la nyuma ya 36. Alitoa kwenye kitambaa cha pesa zake karatasi iliyokunjwa mara nne, ikinukia sambaza, akanipa kabla sijamsalimu. Ilikuwa na maandishi yangu: "36. Sindano ya kawaida haitoshi. Ongeza upande wa ulimi, 0.6."